Konokono wa Uzi Namba Kumi na Saba

12 Januari 1986

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umekaa mbele ya cherehani, na mkazamjomba amekaa mlangoni akikukosoa, maana kila nikiwakumbuka ndivyo ninavyowaona. Mimi ni mzima. Nimepata chumba chenye dirisha moja na jirani anayepiga chafya mpaka ukuta unaitikia. Mwambie mama lile koti alilonifungia huku halina kazi, joto lenyewe ni la kuvua hata viatu, ila usiku nalifanya mto.

Kazi nimeianza. Kituo chetu ni nyumba ya ghorofa moja iliyojaa matangi ya kioo na harufu ya chumvi. Wataalamu wanatoa viumbe kwenye miamba ya baharini, mimi navichora. Nimeanza na mmoja ambaye nikikutajia utacheka: konokono wa bahari asiye na gamba. Najua utasema umemsomesha mpwa wako miaka yote ile akaishia kuchora konokono. Lakini huyu si yule wa bustanini. Ukubwa wake kama kucha yako ya kidole gumba. Mwili ni wa buluu, buluu kabisa, na pindo la manjano limemzunguka pande zote bila kuruka hata mahali pamoja. Pembe mbili za rangi ya chungwa. Mgongoni ana matamvua madogo ya kupumulia, ukimgusa anayaingiza ndani. Mayai anayataga kwa utepe mweupe uliokunjwakunjwa kama marinda. Mkuu wangu wa kazi anasema kila mmoja wao ni dume na jike kwa pamoja.

Shida ni rangi. Ukimweka kwenye chupa ya spiriti, siku mbili tu amekuwa mweupe kama kipande cha sabuni. Kabatini tuna chupa themanini za konokono, wote weupe, na hakuna anayejua walikuwaje walipokuwa hai. Picha za kamera kila zikisafishwa zinatoka na rangi nyingine. Rangi zangu za maji nazo zikikauka zinageuka. Juzi, katika kuhangaika, nikachomoa uzi kwenye pindo la ile sketi uliyonishonea, nikauweka kando ya tangi. Mjomba, ulikuwa ni yeye mwenyewe.

Sasa naomba ile kadi ya nyuzi uliyokuwa ukiwaonyesha wateja zamani, yenye namba, ambayo mimi na wewe tulijifunzia kuhesabu. Nitalinganisha nyuzi na mnyama akiwa hai, niandike namba, na rangi haitapotea tena.

Msalimie mkazamjomba sana.

Mpwa wako,
Pini

*

3 Februari 1986

Pini,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjamana kama shati la mlevi, nikaipiga pasi kwanza ndipo nikaisoma. Hapa sote wazima. Mama yako amenunua kuku watatu na tayari wawili wanamsumbua. Mke wangu anakusalimu, anasema hayo ya kukaa mlangoni na kukosoa ni uzushi, huwa anakaa ndani.

Konokono. Basi sawa. Nimewasomea watu wote wa hapa barazani, pamoja na fundi saa wa duka la pili, ambaye kama unavyomjua hakubali jambo mpaka aliweke chini ya kile kioo chake cha kukuzia. Amesema hakuna mnyama wa buluu duniani. Nikamwambia mpwa wangu hasemi uongo, labda wewe ndiye hujatembea. Ila hilo la dume na jike limenipa mawazo. Mteja wa namna hiyo akija dukani, nikate suruali au gauni?

Kadi hiyo hapo. Nimeikuta chini ya sanduku la vifungo, ina miaka ishirini na miwili, lakini uzi mzuri hauchakai ukiwekwa gizani. Zimo zote sitini na nne. Namba hizo niliziandika kwa ajili ya wateja, na kwa ajili yako ulipokuwa ukitambaa sakafuni kuokota pini. Mimi mwenyewe sizisomi. Nanyoosha mkono tu, jicho linajua.

Siku hizi mke wangu amejipa kazi ya kutia uzi kwenye sindano zangu zote asubuhi, anazichoma kwenye mto wa sindano, moja baada ya nyingine. Anasema hana la kufanya. Nimemwacha, mtu akipenda kusaidia usimkatishe tamaa.

Jitunze, na jirani wa chafya mnunulie leso.

Mjomba wako,
mwenye cherehani

*

20 Machi 1986

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na ahsante mara mia. Leso nimenunua, jirani amefurahi, sasa anapiga chafya kwa heshima.

Kadi yako imekuwa mali ya kituo. Nimekaa na konokono wangu asubuhi tatu karibu na dirisha, nyuzi mkononi. Mwili wake ni namba kumi na saba. Si kumi na sita wala ishirini, ni kumi na saba. Pindo ni arobaini, pembe ni tano. Mkuu wa kazi, ambaye hajawahi kumsifu mtu, aliinama akatazama, akasema, "Haya." Hapa neno hilo ni sawa na kupigiwa makofi.

Kuna jambo zuri zaidi. Kituo kitachapisha bango la huyu konokono, nakala mia tatu, ziende mashuleni, na chini litaandikwa jina langu. Kiwanda cha uchapaji kinahitaji kadi yao ili wachanganye wino kwa kufuata uzi. Hii ya kwanza siwezi kuitoa, ndiyo tunayofanyia kazi kila siku. Tafadhali tengeneza nyingine kama hiyo, namba zilezile, na uitume moja kwa moja kwa mchapaji, anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ikipitia kwangu tutachelewa, na mwezi ujao wote nitakuwa na wataalamu kwenye miamba.

Vipi kuku wa mama?

Wako,
Pini

*

9 Aprili 1986

Pini,

Marahaba. Kuku amebaki mmoja, na huyo mama yako anampenda kuliko mimi ndugu yake.

Kadi nimeimaliza kwa alasiri moja na nimeipeleka posta mwenyewe, kwa miguu. Mke wangu alikuwa kwa dada yake, nikafanya kazi kwa amani bila kukosolewa. Wala sikuhitaji daftari. Namba kwenye nyuzi zenyewe zimefutika kwa kushikwashikwa, lakini miaka thelathini na moja si mchezo.

Hawa watengenezaji wa nyuzi wa siku hizi wanatuibia, rangi zao zimepoa, zote zinafanana. Na balbu nimebadilisha mara mbili, naona kama zinawaka kwa uvivu. Kwa hiyo nguo za giza nimeziacha kwa sasa. Nashona mashuka na mashati meupe ya shule, kazi safi, haina ubishi. Ubishi nimeupata kwa bwana mmoja aliyerudisha koti lake la buluu, anadai nimemshonea vifungo kwa uzi wa kijani. Nilimcheka mpaka akaona aibu, akaondoka na koti lake.

Bango likitoka nataka moja. Fremu nimeshaiagiza kwa seremala. Litakaa mbele ya cherehani, na jina lako mteja atalisoma akiwa anapimwa kiuno.

Mjomba wako

*

22 Juni 1986

Pini,

Miezi miwili na nusu, kimya. Mama yako anauliza, mke wangu anauliza, fundi saa anauliza kwa nia mbaya. Fremu ipo ukutani tupu, watu wanadhani nimefiwa. Kama umeolewa, sema. Kama bango limekwama, sema pia. Sisi sote wazima.

Mjomba

*

2 Agosti 1986

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Sijaolewa. Nilikuwa na kazi ya mkono iliyonimaliza, kila siku baada ya saa za kazi, na bado inaendelea. Afya ni njema, ila vidole vimekakamaa. Waambie mama na mkazamjomba wasinifikirie vibaya.

Bango lilitoka mwezi wa tano, nikiwa bado kwenye miamba. Kulikuwa na mambo madogo ya uchapaji, yanatengenezwa. Hilo ninalokutumia ni la kwanza kabisa katika yote. Nimesita sana kulituma, lakini fremu tupu imenishinda.

Nakuomba kitu kimoja. Litoe nje, ulitazame kwenye mwanga wa mchana, kisha uniandikie unavyomwona huyo mnyama, rangi moja moja, kama ulivyokuwa ukiniuliza mimi nilipokuwa na miaka minne. Usiulize mtu. Nataka jicho lako tu.

Yule konokono wa kwanza amekufa. Hawaishi hata mwaka. Lakini utepe wake wa mayai ulianguliwa, na maji ya tangi yamejaa vitu vidogo kuliko vumbi vinavyohangaika huku na huku. Mkuu wangu anasema wengi hawatafika mbali. Mimi nawapa salamu kila asubuhi hata hivyo.

Pini

*

25 Agosti 1986

Pini wangu,

Marahaba, marahaba. Limefika bila kukunjwa. Nimelitoa nje kama ulivyoagiza, saa sita, jua la kutosha. Sasa sikiliza, nakujibu kama mtoto shuleni. Pindo ni la manjano, limekaa sawa, aliyelipinda anajua kazi. Pembe, chungwa. Na mwili wake, Pini, ile buluu. Buluu kabisa, kama ulivyosema Januari. Nilisimama pale kibarazani nikajisikia fahari, sikufichi. Uzi wangu, mkono wako, na jina lako chini yake kwa herufi za chapa.

Limo kwenye fremu. Kila anayeingia ananiuliza, namweleza, wengine wamesahau hata nguo walizofuata. Aliyeniudhi ni fundi saa. Alikuja na kioo chake, akatazama muda mrefu, akasema konokono huyo ni wa kijani. Nikamwambia akapimwe macho, kazi ya kuchungulia saa imemmaliza. Akasema mimi ndiye nikapimwe. Tangu Jumanne hatusalimiani. Mke wangu nilipomwita aamue, alisema ana chungu jikoni. Hakukuwa na chungu.

Mwambie mkuu wako akuongezee cheo.

Mjomba wako mwenye furaha

*

14 Septemba 1986

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa mfukoni mwangu siku mbili kabla sijaifungua, nilikuwa naiogopa. Sasa nimeisoma mara nyingi. Usiniulize kwa nini.

Huo ugomvi wenu na fundi saa nimeufikiria. Miaka ishirini mmekunywa chai kwenye birika moja, mtaachana kwa ajili ya konokono? Nimemchora mimi, rangi yake naijua mimi, basi mimi ndiye mwamuzi. Wekeni dau. Fundi saa akishindwa, atatengeneza saa za nyumba yako bure mpaka azeeke. Wewe ukishindwa, utamshonea koti zuri, kitambaa achague yeye. Ila nina sharti. Sitoi hukumu mpaka wote wawili mwende hospitali, kwa daktari wa macho, mpimwe siku moja, na karatasi za daktari mniletee. Bila karatasi sisemi lolote.

Umeniambia jicho lako linajua, na ni kweli, ndilo lililonifundisha mimi kuona. Kwa hiyo nenda ukamwaibishe huyo mzee. Nakuomba, mjomba. Sijawahi kukuomba kitu nikakitaka hivi.

Katika vile vidogo vya kwenye tangi, vimebaki saba. Vimeanza kutambaa.

Pini

*

20 Desemba 1986

Pini,

Marahaba. Najua umehesabu wiki. Nilikuwa sina la kuandika, halafu nikawa siruhusiwi kuandika.

Tulikwenda. Fundi saa alivaa tai. Yeye alisoma herufi zote mpaka zile za chini kabisa ambazo nadhani hata daktari anazikisia. Mimi nilisoma mstari wa kwanza, nikasema mingine imeandikwa vibaya. Daktari, binti mdogo wa rika lako, hakucheka. Akaniwekea taa, akaniambia nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na akaniuliza nimekuwa nikiona kila kitu kama kupitia glasi ya chai tangu lini. Fundi saa alikuwa amesimama pembeni. Nilidhani atanicheka. Akanishika mkono, akanitoa nje, akanitafutia kiti.

Nitakwambia ukweli sasa, na haki ya Mungu ni mara ya kwanza kuusema. Nilijua. Si kijani na buluu, hilo sikulijua, lakini nilijua sioni vizuri. Nilijua ndiyo maana mke wangu anatia uzi kwenye sindano, na yeye alijua kwamba najua, tukawa tunaishi hivyo kama watu wawili waliobeba kapu moja bila kulitaja. Niliogopa. Fundi cherehani asiyeona ni nani? Nilisema nitashona meupe mpaka nife, na hakuna atakayegundua.

Jicho la kulia wamelifanyia upasuaji mwezi uliopita. Walipofungua bandeji niliona ukuta wa hospitali ni mweupe kweli, nikamwona mke wangu, amezeeka kidogo na ni mzuri, nikamwambia yote mawili. Alikubali moja. Nimepewa miwani mizito kama vitako vya chupa.

Siku niliyorudi dukani sikugusa kitu. Nilikaa kwenye kiti changu nikainua uso. Pini, yule mnyama ukutani ni wa kijani.

Nilikaa naye asubuhi nzima. Nikaichukua barua yako ya Januari, buluu kabisa, umeandika. Nikaenda kwenye rafu, nikatazama mahali pa kumi na saba na jirani yake, ile kijani nzito, nikaelewa nilichokituma kwa mchapaji. Nikasoma barua zako zote upya, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyonilaumu. Mambo madogo ya uchapaji, umesema. Nilivua miwani nikalia, na mke wangu akanikumbusha daktari amekataza kulia, nikaendelea.

Sasa niambie, wala usinifiche tena: walikufanya nini kwa kosa langu?

Ndani ya bahasha kuna kadi mpya. Nimeifanya kwa jicho moja, mke wangu amekagua, fundi saa amekagua kwa kioo na kutia sahihi nyuma, kama unavyoona. Na hicho kitambaa kidogo ni konokono nimemtarizi mwenyewe. Kumi na saba, arobaini, tano. Mlinganishe na wako.

Mjomba wako

*

8 Januari 1987

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama koridoni, na mfagiaji akaniuliza nimepata msiba. Nikamwambia hapana, mjomba wangu ameona.

Umeuliza, najibu. Mabango yalipofika, mia tatu ya kijani, mkuu wa kazi aliniita akaniuliza hili ni nini. Yeye ndiye aliyeyapitisha kiwandani, ila alikagua herufi tu. Nilimwambia kosa ni langu, na lilikuwa langu kweli. Mimi ndiye niliyesema kadi isipitie kwangu. Mchoraji gani anaidhinisha rangi asiyoiona? Aliuliza kadi imetoka kwa nani, sikujibu. Akasema hayawezi kwenda mashuleni, na jina langu litaondolewa. Nikamwomba aniachie miezi michache.

Nimeyapaka kwa mkono, mjomba. Nilichanganya rangi yangu upya, nikaijaribu ikiwa imekauka mpaka ikalingana na uzi wa kadi ya kwanza, nikafunika kijani kwa buluu, konokono mmoja mmoja, kila siku baada ya kazi. Nimemaliza mwezi wa kumi. Mia mbili tisini na tisa. Yameshakwenda mashuleni na jina langu lipo. Mkuu alitazama la mwisho, akasema tena, "Haya."

Hilo moja sikulipaka, kwa sababu lilikuwa limeshakuja kwako. Mchapaji aliponirudishia kadi yake, na kadi mbili zikakataa kufanana, niliogopa ni macho, lakini nilitaka kuwa na hakika kabla ya kukuambia neno kama hilo. Uliponijibu buluu kabisa nilifunga mlango wa chumba nikalia mpaka jirani wa chafya akagonga. Sikuweza kukuandikia nenda hospitali, huoni. Nilijua ungenijibu kwa mzaha na usingekwenda. Dau nilijua hutalikataa.

Nirudishie bango nilipake, liwe kama wenzake. Konokono wako wa uzi nimemweka juu ya kioo cha tangi. Katika wale saba amebaki mmoja, amekua, amepata pindo. Alitambaa akapita nyuma ya kitambaa, na kwa kitambo sikujua yupi ni yupi.

Jicho la kushoto lini?

Pini wako

*

2 Machi 1987

Pini,

Marahaba. Jicho la kushoto limefanyiwa upasuaji wiki tatu zilizopita, salama. Kuku wa mama yako nimegundua ni jogoo. Mama yako anasema alijua tangu mwanzo.

Bango sirudishi. Hayo mia mbili tisini na tisa ni ya mashule, hili ni langu. Mteja akiuliza mbona ni wa kijani, namvutia kiti, namweleza yote mpaka mwisho, na wawili wamekwisha kwenda kupimwa macho. Yule bwana wa koti nimemfuata nyumbani kwake nikamwomba radhi. Alinipa koti nikarekebishe, tena akanitengea chai.

Dau nimelipa. Fundi saa amechagua kitambaa cha buluu, makusudi, ili aone nitafanyaje. Leo asubuhi nimelimaliza koti lake. Vifungo sita, vyote kwa kumi na saba, na mke wangu alikuwa amekaa mlangoni mikono mitupu, maana uzi kwenye sindano niliutia mwenyewe.

Mjomba wako,
mwenye cherehani